Kurudi ku masomo na mvi ku kichwa: doktora ya mutu wa migodi

Tarehe 24 mwezi wa 9 mwaka 2015, daktari Denis Mukwege alisimama mbele ya juri ya Université libre de Bruxelles, kule Ubelgiji, akitetea teze yake. Alikuwa na miaka 60. Hospitali ya Panzi, mu Bukavu, aliianzisha mu 1999. Mwaka mumoja mbele ya teze ile, Bunge la Ulaya lilikuwa limekwisha kumupa tuzo ya Sakharov, na dunia nzima ilikuwa inamuita dokta tangu zamani. Na bado aliketi, akaandika, akapeleka kurasa zake kwa watu wengine wazipime na kuzikatakata. Nobel ya Amani ilikuja nyuma, mu 2018.

Tumeanza na yeye juu habari yake inafungua fundo moja lenye kusumbua watu wengi hapa kwetu. Mu Kolwezi, mu Likasi, mu Lubumbashi, ukisema dokta, mutu anaona paka blouse nyeupe na sindano. Mwenye kumaliza masomo ya uganga tunamuita dokta, na ni haki yake. Lakini doktora ya teze ni kitu kingine. Inaweza kuwa ya sheria, ya mawe, ya mashine, ya lugha, ya mashamba. Haiulizi kama unajua kazi. Inauliza kama umetosha kitu ambacho mbele yako hakuna mutu aliyekionyesha, na kama unaweza kukiweka ku karatasi na kukisimamia mbele ya wenye kujua, wakuulize mpaka jasho litoke. Mukwege alikuwa amepasua wanawake wenye fistula kwa miaka mingi sana. Teze yake ilikuwa juu ya vidonda vile vile: vinatoka wapi, vinapangwa namna gani, vinaponywa namna gani. Mikono ilijua mbele ya karatasi.

Na mu migodi yetu, mikono yenye kujua haikosi. Ku konsantratere, mutu wa miaka 20 ya kazi anaangalia povu la flotasyo, rangi yake na unene wake, na anajua kama dawa imezidi ao imepunguka, mbele labo ilete matokeo. Mwenye kutembea mu karieri anakamata jiwe jeusi, analipima uzito mu mukono, anasema hii ni heterogenite yenye kobalti, ile ni manganezi tu, tupa. Mukubwa wa usalama anajua ni saa ngapi ya posti ya usiku watu wanaanza kusinzia. Ujuzi ule, siku mwenyewe anaenda mu pansheni, unarudi naye ku nyumba, kiisha unaenda naye ku makaburi.

Yaya yangu ni mumoja wao. Jina lake siandike, yeye mwenyewe aliomba vile, na kampuni yake pia siitaje. Ana miaka 48, ni injenyere wa metali, anatumika upande wa Kolwezi. Siku moja ya Mungu, nyuma ya bukari, alituambia kama anataka kujiandikisha kwa doktora. Watoto walicheka. Mama alitaka kujua kama ni kampuni inamutuma. Akajibu hapana, ni roho yake. Shemeji, bibi yake, hakusema kitu. Alitosha masahani akaenda kuosha, na kwa wale wenye kumujua, kimya kile kilikuwa kizito kuliko kelele.

Tuseme ukweli: kimya cha shemeji kilikuwa na hesabu ndani. Mutoto wao wa kwanza alikuwa anaingia universite. Wa pili alikuwa mwaka wa mwisho, anangoja ekzame ya Leta. Minervali mbili mu nyumba moja ni mingi; na sasa baba naye anataka ya tatu. Tena, mu jamaa za watu wa migodi kuna kumbukumbu yenye haifutike. Mu 2003, zaidi ya watumikaji 10,000 waliondoka Gécamines kwa ule mpango wa départs volontaires, na franga za mara moja mu mukono. Tangu pale, kila mara mwanaume anasema ataweka makuta ya nyumba mu jambo lenye kuleta faida kesho, bibi anataka kuona kesho ile iko fasi gani.

Basi tuangalie njia yenyewe, juu wengi wanaizungumuza bila kuijua. Mbele, mutu alikuwa anasoma miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, kiisha DEA ao DES, kiisha teze. Sasa tuko mu LMD, ile ilianza kuenea mu vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022: lisansi miaka 3, masta miaka 2, doktora miaka 3. Kila mwaka ni kredi 60. Mwenye diploma ya mfumo wa zamani asikimbilie kulipa. Aende kwanza ku fakulte kuuliza watamupokea ku kiwango gani, kama wanamuomba masta mbele ao kama wanahesabu lisansi yake ya miaka 5. Na jibu alipate ku karatasi yenye muhuri, si ku mudomo wa mutu wa mulangoni.

Wa Lubumbashi wanajua, lakini vijana wanasahau: universite ile ilifunguliwa mu miaka ya 1955 na 1956, wakati muji ulikuwa bado Élisabethville, mu 1971 ikaingizwa ndani ya UNAZA, ile universite moja ya Zaïre nzima, na mu 1981 ikarudi kusimama yenyewe. Fakulte yake ya Polytechnique imekaa karibu na migodi tangu mwanzo. Kwa hiyo injenyere wa kwetu mwenye kutaka teze ya metali ao ya mawe hana lazima ya kupanda ndege. Ni kitu chenye watu wa mikoa mingi hawana.

Sasa saa. Hapa njo wengi wanaanguka, si ku akili.

Miaka 3 ya doktora ni kredi 180. Ukihesabu kredi moja kwa saa 25 za kazi, ni saa 4,500; yaani 1,500 kwa mwaka. Code ya Kazi ya 2002 inamupa mutumikaji mukubwa siku moja ya konje kwa kila mwezi muzima wa kazi, na siku moja ya kuongeza kwa kila miaka 5 aliyotumika. Mwenye miaka 15 ndani ya kampuni anapata siku 15. Kampuni zingine zinatoa zaidi, ni mapatano ya sindika, lakini tuchukue ile ya sheria. Siku 15, saa 8 kila siku: saa 120. Hata akiweka konje yake yote ndani ya teze, asiende ku matanga, asiende ku mugini kuona wazee, anapata 120 mu 1,500. Zile zingine zinatoka mu usingizi wake na mu saa za watoto wake. Njo maana mimi ninasema, na watu wa universite hawakunipinga: mwenye kutumika ahesabu miaka 5 ao 6, asidanganye jamaa na ile 3 ya karatasi.

Posti za masaa 12 zina kitu chao pia. Yaya alijaribu kuandika nyuma ya posti ya usiku. Anasema kurasa za saa 2 ya asubuhi alikuwa anazisoma kiisha siku mbili na haelewi ni nani aliziandika. Aliacha. Sasa posti ya usiku ni ya kulala muchana, basi. Anaandika siku za mapumziko peke yake, kuanzia saa 11 ya alfajiri, mbele watoto waamke na mbele jirani afungule redio.

Makuta nayo si minervali peke yake. Kuna kutengeneza sampuli na kuzipima ku labo, na kipimo kimoja kikubwa kinaweza kutumwa mbali na kulipiwa dolare. Kuna safari Kolwezi-Lubumbashi, kilomita 300 na kitu, kwenda kuonana na promotere. Kuna ordinatere yenye kukufa ndani ya sura ya pili. Kuna kuchapa teze kwa kila memba wa juri. Na kuna franga zenye hazionekane: saa za kuongeza zenye umekataa juu unaandika, vijob vya pembeni vyenye umeacha. Hizo njo zinauma nyumba kuliko minervali. Msaada uko kidogo. Ubelgiji, kwa njia ya ARES na VLIR-UOS, imetumika na UNILU miaka mingi, na kuna wenye kufanya teze nusu hapa nusu kule. Lakini mwenye miaka 48 asome vizuri mustari wa umri mbele ya kujaza karatasi, juu bursi nyingi zinataka vijana.

Turudi kwa shemeji. Nyuma ya juma mbili za kimya, alisema. Alikumbusha bwana yake kama wakati waliooana, yeye alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya enfirmiere, na aliacha, juu mimba ya kwanza ilikuja na juu bwana alikuwa anaanza kazi. Hakuna aliyemulazimisha. Lakini hakuna pia aliyemuuliza. Sasa, kama nyumba ina nguvu ya kumurudisha mutu ku masomo, kwa nini mutu yule ni baba moja kwa moja?

Mimi nilikuwa pale. Yaya alikaa muda murefu anaangalia mikono yake.

Walipanga hivi. Mwaka wa kwanza ni wa bibi: yeye arudi kumaliza, bwana asaidie kulipa na apike siku zenye hayuko posti (amejua sasa kutwanga sombe, hata kama majirani walikuja kutazama sawa vile sinema). Bwana mwaka ule asome tu, atafute promotere, atengeneze karatasi. Kiisha, makuta ya masomo ya watoto yawekwe fasi ya peke yake, na teze isiyaguse hata siku moja. Na mwisho: miaka 6. Kama juri haijakutana mu miaka 6, anafunga kitabu na hakuna kulia. Shemeji aliandika mapatano yale ndani ya kaye na wote wawili wakaweka sinyatire. Wanaume fulani mu avenue waliona ni haya. Mimi nimeona nyumba nyingi zenye zilipasuka juu ya mambo madogo kuliko haya, na hakuna kaye.

Mwaka ule wa kungoja haukupotea. Yaya alitumia miezi yake kutafuta kitu kimoja chenye wengi wanasahau: barua ya kampuni. Mutu wa migodi anafikiri namba za kazi yake ni zake. Si zake. Matokeo ya labo, sampuli, mipango ya karieri, ripoti za usalama, yote ni mali ya mwajiri, na kontra nyingi zina mustari wa siri. Ukiandika sura nne na namba za kampuni bila ruhusa, siku ya kutetea wanaweza kukuzuia, ao unapoteza kazi na teze pamoja. Ruhusa ipatikane mbele ya kuanza, ikiandikwa: namba zipi, za miaka ipi, jina la kampuni litatajwa ao litafichwa, nani atasoma teze mbele itoke. Yaya alikataliwa mara ya kwanza. Mara ya pili aligeuza swali lake: badala ya mashine ya leo, akaomba kuchunguza mabaki ya zamani, ile udongo yenye konsantratere za zamani zilitupa mu mabonde na mu mito. Wakakubali.

Na hapa kuna jambo lenye kila mukaaji wa Katanga anaweza kulielewa bila diploma. Angalia kilima cheusi cha Lubumbashi, ile terril yenye iko mu picha zote za muji. Ni taka za fonderi, ile ilianza kuyeyusha shaba mu 1911. Kwa miaka mingi, watu waliona pale mavi ya moto tu. Kiisha kukaonekana kama ndani kuna kobalti, na zinki, na germanium, metali moja yenye inatumika mu nyuzi za intaneti na mu vyombo vya kuona usiku. Kilima hakikubadilika. Swali njo lilibadilika. Mabaki ya Kolwezi pia, ya Kingamyambo na ya mutoni Musonoi, yamekuwa mali tena. Mutu mwenye kukumbuka dawa gani ilikuwa inatumika mu konsantratere miaka 20 nyuma ana kitu chenye kijana wa miaka 25 hawezi kukisoma popote.

Promotere wake ana miaka 41. Wakati yaya alikuwa anamaliza Polytechnique, yule alikuwa bado mu sekondere. Yaya anamuita Profesere. Yeye anamuita Muzee. Mu labo vijana wote wanamuita Papa. Mara ya kwanza promotere alimurudishia sura nzima na wino mwekundu, yaya hakula chakula cha mangaribi. Ku kazi ni yeye mwenye kurudishia wengine ripoti. Ilichukua miezi kuzoea. Vijana wa labo wanamufundisha programu za hesabu. Yeye anawaonyesha namna ya kusikia harufu ya pulpe yenye imekosa. Sijui nani anapata faida zaidi.

Lakini mutu mwenye kuchimba, mwenye hana diploma ya Leta, ana haki ya kuuliza: hizi teze na utafutaji zinaniletea nini mimi? Jibu moja liko hapa hapa. Mu 2009, Profesere Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walitangaza kazi yao juu ya watu wa Katanga: wenye kukaa karibu na migodi na fonderi walikuwa na kobalti nyingi sana mu mukojo. Mu 2018 wakatangaza ya Kasulo, ule mutaa wa Kolwezi wenye watu walichimba ndani ya parsele zao, na kule watoto njo walikuwa na metali nyingi zaidi. Mu 2020, gazeti la The Lancet Planetary Health likachapa kazi yao ingine iliyofanyika mu Lubumbashi: kazi ya baba mu migodi ilionekana kwenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya mutoto kuzaliwa na kilema cha kuonekana. Haisemi kama kila mwenye kuchimba atazaa mutoto vile. Inasema hatari imepanda, na sasa imeandikwa fasi ambayo hakuna mukubwa anaweza kusema ni maneno ya mu soko. Akina mama wa Kasulo walikuwa wanalia juu ya vumbi mbele ya 2018. Lakini kilio hakina namba, na mbele ya mezani ya wakubwa namba njo zinasikilizwa. Ninatamani siku moja kazi ya namna ile iandikwe na mutu aliyeshuka mu shimo yeye mwenyewe.

Kuna pia wezi. Telefone zetu zimejaa matangazo ya doktora ya miezi 6, doktora bila teze, doktora ya dolare fulani na toge ndani ya bei. Kuna wenye kupewa honoris causa na kanisa ao shirika lenye hakuna mutu alilisikia, na kesho yake "Dokta" iko ku bango la mulango. Mu Kongo, si kila chuo kina ruhusa ya kufungua masomo ya kiwango cha tatu. Uliza karatasi ya Wizara. Uliza ni nani promotere, na teze ngapi zimetetewa mbele ya watu, na ziko fasi gani ku biblioteke. Kama wanaanza na bei mbele ya kuuliza unataka kutafuta nini, funga telefone.

Na niseme lenye watu wa universite hawapendi kusema: kama ni mushahara unatafuta, acha. Kampuni inalipa posti, hailipi diploma, na mukubwa mwenye lisansi anaweza kuogopa mudogo wake mwenye doktora. Kama unataka kufundisha, hapo ni ingine. Asistanti na shefu wa travo wanaweza kukaa miaka na miaka, lakini bila doktora hakuna kuitwa profesere, na mutu wa miaka 48 ana bado miaka ya kufundisha mbele yake. Kama una swali lenye linakuamusha usiku na hakuna mutu mwenye jibu, basi una kitu cha kuanzia. Yaya alikuwa na lile swali tangu mwaka wake wa nane wa kazi. Aliliandika nyuma ya karatasi ya posti, na karatasi ile bado iko.

Mwenye kutaka kupima, mambo ya kwanza hayalipiwi kitu. Tosha diploma zako zote ku sanduku na uone kama majina yako yameandikwa sawa sawa ku zote, juu kosa la herufi moja ku diploma ya Leta linaweza kukusimamisha ku aparitora. Andika swali lako ku ukurasa mumoja, si kumi. Tafuta profesere wawili ao watatu wenye kutumika mu mambo yale, soma kitu walichoandika, kiisha uwaandikie. Wengine hawatajibu. Yaya aliandikia wanne. Mumoja njo alijibu, kiisha miezi 2, na mustari mumoja: aje na sampuli.

Sasa ameingia mwaka wa pili. Sura ya kwanza imekubaliwa, ya pili imerudi na wino mwekundu, sampuli 40 ziko mu mifuko ku pembe ya salo na watoto wamekatazwa kuzigusa. Shemeji amemaliza, anatumika ku santre moja ya afya, na makuta yake ya kwanza alinunua meza. Imewekwa mu chumba chao, chini ya dirisha. Wanaitumia kwa zamu, na kaye ile iko ndani ya droo yake.